Njia za Panya za Daftari la Maumbile

Sogea karibu, ndugu yangu, tuongee kwa sauti ya chini.

Watu wengi niliowaona wakianza daftari la maumbile waliliacha kabla ya mwezi kwisha, na kilichowaangusha ni bidii. Siku ya kwanza wanachora jani la mkorosho saa nzima, kila mshipa mahali pake. Siku ya pili wanatafuta jina la Kilatini. Siku ya nne kuna msiba kijijini, siku ya tano wanaona haya kuruka ukurasa, na baada ya wiki mbili karatasi zake zinafungia karanga sokoni.

Wewe usipite huko. Nitakufundisha kuchakachua. Ukishika njia hizi za panya utaweka daftari lako tangu darasa la pili hadi siku utakapohitaji mjukuu akusomee, na hapa kwetu, kuanzia vilima vya mawe vya Masasi hadi ukingo wa Newala, yapo mengi ya kuandika kuliko maisha ya mtu mmoja.

1. Anza na ubishi

Usisubiri mpaka upende ndege. Anza kwa kupenda kushinda. Nenda kijiwe chochote cha kahawa na uulize mwaka jana mvua ya kwanza ilinyesha lini. Mmoja atasema ilikuwa kabla ya minada ya korosho. Mwingine ataapa kwamba ilikuwa karibu na Krismasi. Watapandishiana sauti mpaka kahawa ipoe. Hapo ndipo unapochomoa daftari, unalamba kidole, unafunua, unasoma: "Tarehe 28 Novemba, usiku. Ilipiga bati nusu saa ikakata."

Kimya kinachofuata ni kitamu kuliko tende. Kitakurudisha kwenye daftari hata siku ambazo hamu ya miti na ndege imelala. Usikionee haya. Kila binadamu anapenda kuonekana kuwa anajua, na daftari ni njia ya halali ya kujua.

2. Nunua la bei rahisi

Daftari zuri lenye jalada gumu utaliogopa. Utaona kila sentensi haitoshi hadhi yake. Nunua kaunta buku la kawaida dukani na penseli mbili. Penseli, narudia. Wino wa peni huweza kukimbia ukishikwa na mvua, na penseli hukaa.

Adui wako wa kweli ni mchwa. Daftari langu la kwanza nililiweka sakafuni, chini ya kitanda. Nilipolifungua baada ya masika nilikuta majalada mawili na udongo katikati. Miaka miwili ya maandishi ilikwenda. Tangu hapo madaftari yangu yanakaa ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko, juu ya meza. Fanya hivyo tangu siku ya kwanza.

3. Mistari mitatu, basi

Tarehe. Mahali. Kitu kimoja ulichokiona. Funga daftari, nenda ukale.

Ukitaka kuandika zaidi, andika, ila usijiwekee deni. Anayejiahidi ukurasa kwa siku huacha. Anayejiahidi mistari mitatu huzeeka nayo. Na kati ya mitatu hiyo, ukiwa umechoka kabisa, okoa tarehe. Maneno "mwembe wa shuleni umetoa maua" bila tarehe ni habari. Yakiwa na tarehe ni ushahidi.

Ushahidi wa nini? Miaka ya 1850, katika mji mdogo wa Concord nchini Marekani, Henry David Thoreau alikuwa akiandika siku ambayo kila ua la porini lilichanua. Zaidi ya miaka 150 baadaye, mtaalamu Richard Primack na wenzake walizichukua orodha zile wakazilinganisha na maua ya siku hizi pale pale Concord. Waliona mengi yanachanua mapema kuliko zamani, kwa sababu joto limepanda. Thoreau hakuwa na kipimo chochote cha ajabu. Alikuwa na miguu, penseli na tarehe.

4. Oa mti mmoja

Hii ndiyo njia ya panya niipendayo kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Usizunguke kutafuta maumbile. Chagua mkorosho mmoja ulio kwenye njia unayopita kila siku, ya shambani, ya kisimani au ya shuleni. Mti huo ndio utakuwa daftari lako. Kazi yako ni kuupitia tu, na tayari ulikuwa unapita. Mkorosho ni mgeni, ulitoka Brazili na kuletwa pwani hii na Wareno karne ya 16, lakini umeshakuwa mwenyeji kuliko sisi, na habari zake zitakushughulisha mwaka mzima.

Kipupwe kikishika, andika siku ulipoona machipukizi mapya mekundu. Kisha subiri ua la kwanza. Litatoka jeupe, na baada ya siku chache litageuka kuwa la waridi. Harufu yake utaikuta kabla hujafika mtini. Ukiona unga mweupe umelala juu ya maua, huo ni ubwiriunga, andika tarehe. Ukisikia mabomba ya salfa yakinguruma asubuhi na mapema, umande ukiwa bado majanini, andika hilo pia. Halafu tazama jambo ambalo hata wakulima wa miaka mingi hawajawahi kulichora: korosho hutangulia. Inaning'inia peke yake, ya kijani, imeshafikia ukubwa wake, na bibo bado ni kikonyo chembamba juu yake. Kisha kikonyo kinavimba, kinajaa maji, kinakuwa chekundu au cha njano. Chora hatua hizo nne kwa wiki nne, kila moja ukubwa wa kidole gumba. Utakuwa umemaliza kazi ambayo mwanafunzi angepewa alama kwayo.

Na usiuache mti bila kuwatembelea maji moto. Hao ni wale chungu wekundu wa juu ya miti, ambao umewahi kuwalaani ukiwa umepanda kuchuma. Simama hatua mbili mbali, utulie dakika tano. Utaona kundi limejipanga kwenye ukingo wa jani. Wameuma jani moja kwa taya, wamekamata la pili kwa miguu, wanavuta mpaka kingo zikutane. Pengo likiwa kubwa, mmoja anamshika mwenzake kiunoni, na wa tatu anamshika wa pili, wanakuwa mnyororo. Kisha wanakuja wengine wamebeba mabuu yao mdomoni. Buu linatoa uzi mweupe, na chungu analipeleka huku na huku, jani hili na jani lile, kama fundi anavyopitisha uzi vitengeni. Nyumba inashonwa kwa mtoto. Mti wenye hao una ulinzi, kwa maana wanawawinda mbu wa mikorosho, wale wadudu wanaofyonza machipukizi mpaka yakakauka. Andika mti wako una viota vingapi mwaka huu. Mwakani hesabu tena.

5. Hujui kuchora? Iba

Jani liweke chini ya karatasi, mishipa ikiangalia juu, kisha sugua ubapa wa penseli. Jani litajichora lenyewe. Asubuhi jua likiwa chini, weka daftari pale kivuli cha tawi kinapoangukia na upitishe penseli juu ya kivuli. Unyoya uweke juu ya ukurasa, uzungushie mstari. Rangi unayo bure: udongo mwekundu wa shambani ulioloweshwa kwa tone la maji, na juisi ya bibo, ambayo kila mama aliyewahi kufua anajua doa lake halitoki. Onyo moja tu hapa. Korosho mbichi usiibane daftarini, kwa sababu mafuta ya ganda lake huunguza ngozi na yataharibu kurasa.

Akikucheka mtu, mwambie habari hii. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig nchini Ujerumani, alifika Masasi na kupanda mpaka Newala. Aliwapa penseli na karatasi watu aliokuwa nao, wapagazi na wenyeji, akawaomba wachore walichotaka. Hakuna aliyekuwa amepita chuo cha sanaa. Michoro yao ilichapishwa kwenye kitabu chake cha mwaka 1908, na leo, zaidi ya miaka 100 baadaye, bado inatazamwa. Mstari uliopinda wa mtu aliyeona unazidi mstari ulionyooka wa mtu aliyenakili kitabuni.

6. Usisubiri jina

Ndege usiyemjua mwandike alivyo: mkubwa kuliko kunguru au mdogo kuliko chozi, mkia wake, alikuwa anakula nini, anaimba vipi. Sauti iandike kwa maneno yako. Dudumizi, yule ambaye wazee husema anaita mvua, mimi nimemwandika "maji yanatoka kwenye kibuyu chenye shingo nyembamba", na kila niliyemsomea alimtambua kabla sijamtaja.

Sauti si jambo dogo. Kule Rondo, upande wa Lindi, kuna komba mdogo anayetoshea kiganjani. Komba wadogo wanafanana mno kwa macho, na watafiti waliwatenganisha kwa kusikiliza milio yao usiku. Komba wa Rondo alipata jina lake la kitaalamu mwaka 1997, ndani ya kitabu cha wanyama cha Jonathan Kingdon, mtu aliyezaliwa Tabora na aliyechora wanyama wa Afrika Mashariki maisha yake yote. Wenyeji walikuwa wakimsikia kila usiku. Hawakuwa wamemwandika.

Jina la mti uliza watu watatu, mmoja Mmakonde, mmoja Mmakua, mmoja Myao, na uandike yote matatu pembeni mwa jani ulilolisugua. Kilatini kitakuja siku atakapopita bwana misitu. Lugha ya daftari ni ile unayootea ndoto. Pale Gombe, ambako Jane Goodall alianza kuwafuatilia sokwe mwaka 1960, wasaidizi wa utafiti Watanzania wamejaza kumbukumbu za kila siku kwa Kiswahili, miaka nenda miaka rudi, na dunia imezitegemea.

7. Mwibie bibi

Huna miaka 70 ya kutazama. Yeye anayo. Kazi yako ni kubeba daftari na kunyamaza.

Nilimfuata bibi wa kijiji kimoja cha Newala alipokwenda kuchimba ming'oko, vile viazi vya porini, kiangazi, asubuhi ambayo ukungu ulikuwa umejaza bonde la Ruvuma mpaka ng'ambo ya Msumbiji haionekani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja na kitabu chako tena?"

"Nimekuja nacho."

"Basi kiweke kwapani kwanza. Huwezi kuchimba kwa kitabu."

Aliinama kichakani, akashika kijikamba cha mmea kilichokauka, chembamba kama uzi wa kushonea magunia. Hakukivuta. Alikifuata kwa vidole viwili, polepole, kupitia miiba na majani makavu, mpaka kilipoingia ardhini. Hapo ndipo alipopiga jembe. "Ukikivuta kinakatika," alisema, "na kikikatika umeupoteza mng'oko." Kisha bila kuulizwa akaniambia kwamba alipokuwa msichana walichimba nyuma ya nyumba, na leo tumetoka alfajiri.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo niliyoiandika kwanza. Andika na wewe: ming'oko mmechimba wapi, na mlitembea muda gani kufika. Ukifanya hivyo kila kiangazi kwa miaka 10, utakuwa na safu ya namba ambayo hakuna kikao cha kijiji kitakachoipuuza.

Muulize pia habari za maji. Huku juu Newala mvua huzama mchangani na kutokea chini ya miteremko kama chemchemi, na kabla ya mabomba akina mama walishuka ukingo mzima na kupanda tena na mitungi kichwani. Bibi anazijua chemchemi zile kwa majina, ipi ilikuwa haikauki na ipi ilikauka lini.

Atakuambia hajui mwaka. Mpe kigingi. Ilikuwa kabla au baada ya uhuru, 1961? Wakimbizi wa vita ya Msumbiji walikuwa wameshaanza kuvuka Ruvuma? Mlikuwa mmeshahamia vijiji vya ujamaa? Ilikuwa kabla ya vita ya Kagera, 1978? Mwalimu Nyerere alikuwa hai bado, maana alifariki Oktoba 1999? Kwa vigingi vitano utaukaribia mwaka wake, na utashangaa kumbukumbu yake ilivyo safi ikipata mahali pa kuegemea.

8. Gawa kazi kwa umri

Mtoto asiyejua kusoma ndiye mwenye macho makali kuliko wote nyumbani, na yuko karibu na ardhi. Mpe kazi ya kutafuta na kusugua majani. Wa darasa la tano mpe tarehe na kuhesabu viota. Kijana mpe simu: apige picha, arekodi mlio, kisha usiku anakili kwenye daftari, kwa sababu simu huibiwa na huzama chooni. Mzazi aandike yale anayoyafanya kwa mikono yake tayari, kupanda, kupalilia, kuokota korosho. Mzee aseme, mwingine aandike, na jina lake liandikwe pembeni. Ukimwonyesha mzee jina lake kwenye ukurasa, wiki ijayo atakuja mwenyewe na habari mpya.

9. Kwenye nyoka, usiige

Miaka ya 1950 na 1960 aliishi Newala Mwingereza mmoja, C. J. P. Ionides, aliyekuwa bwana nyama huko Liwale kabla ya hapo. Watu walimwita Bwana Nyoka. Alikamata maelfu ya koboko wa kijani kwenye miembe na mikorosho ya huku kusini, na vifutu wakubwa wa vichakani. Alikuwa akiandika aliowapata, na mwaka 1965 yeye na Charles Pitman walichapisha kumbukumbu kuhusu nyoka wenye sumu wa Afrika Mashariki. Mwige penseli yake. Mikono yake iache, kwani aliumwa mara nyingi. Nyoka wako mwandike ukiwa mbali: rangi, urefu wa kukisia, mti gani, saa ngapi. Mahali ulipomwona patamsaidia jirani yako kuliko ushujaa.

10. Ruka bila haya, ila usiongope

Ukiumwa, ruka. Ukifiwa, ruka. Ukisafiri kwenda Mtwara au Dar es Salaam mwezi mzima, ukirudi chora mstari, andika "sikuwepo", endelea na ya leo. Daftari lenye mapengo ni daftari la mtu aliye hai.

Hapa ndipo kuchakachua kunapokoma. Kwenye jasho chakachua utakavyo: chora vibaya, andika kidogo, iba kwa bibi, tuma watoto. Usijaze siku ambayo hukuona. Usiandike mvua kwa sababu jirani alisema pengine ilinyesha. Ukikisia, andika neno "nakisia". Ukurasa mmoja wa uongo unaozesha mia ya kweli iliyouzunguka, kwa kuwa atakayelisoma baada yako hatajua upi ni upi.

11. Kopo

Hili la mwisho halihitaji hata mistari mitatu. Chukua kopo la maziwa ya unga lililonyooka kuanzia mdomoni hadi chini. Lifunge kwenye nguzo fupi uwanjani, mbali na paa na matawi. Kila siku saa 3 asubuhi, ambayo ndiyo saa ya vituo vya Mamlaka ya Hali ya Hewa, chovya rula uone maji yamefika milimita ngapi. Andika namba, mwaga, rudisha. Milimita moja ni lita moja ya maji kwenye kila mita ya mraba ya shamba lako. Siku kavu weka sifuri.

Mvua za msimu huku kwetu huanza kati ya Novemba na Desemba na kwisha Aprili au Mei, na karibu na Februari huwa kuna siku kavu ambazo huua mahindi yaliyopandwa vibaya. Siku hizo ni ngapi kijijini kwako, si wilayani, kijijini kwako? Kopo hilo pekee ndilo litakalojibu. Tafuta moja jikoni leo, kabla halijawekewa chumvi.